Povu Lenu Limeninyamazisha Ukweni

Sitalike, Mpanda.

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Dawa ya Meno.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU POVU

Ndugu Meneja, natumaini u mzima, na mdomo wako pia. Mimi ni mshenga. Kaka yangu Ndaki alinituma nikamposee mwanawe Maiko binti anayeitwa Minza, na hapo ndipo bidhaa yenu nzuri iliponiponza. Naeleza kwa adabu:

1. Povu lenu ni jingi. Nikipiga mswaki, mke wangu huuliza kama nafua. Sikulalamika, maana tangazo lilisema povu ndio usafi.

2. Vidonda vya mdomoni haviishi. Cha ulimi kikipona, cha shavuni kinafungua tawi. Josefina wa duka la dawa pale Kashaulili alinieleza kuwa kinacholeta povu, sodiamu laurili salfeti, huweza kuwachokoza baadhi ya watu, vidonda vikarudirudi. Akanishauri nijaribu dawa isiyo nacho. Nikampuuza, kwani yeye hajawahi kutangazwa redioni.

3. Siku ya posa nilipiga mswaki mara mbili, kwa heshima ya wakwe. Wazee wakataja ng'ombe. Kazi yangu ilikuwa kubisha. Ulimi ukawaka moto, nikashika shavu, nikainama. Kwa wazee wale, mshenga akiinama kimya ameridhia. Walipoona nakubali kirahisi hivyo, wakaongeza. Nikainama zaidi. Walipofikia ndama walio bado tumboni machozi yakanitoka, wakasema mshenga huyu ana upendo.

4. Zizi la kaka limebaki na mbwa. Maiko kapata mke, lakini hana hata dume la kulimia. Ndaki aliniambia neno moja tu: "Mdogo wangu, nilikutuma ukaseme." Hajanisalimia tena. Hilo linaniuma kuliko vidonda vyote.

Kwa hiyo naomba kiwanda kirudishe ng'ombe, pamoja na wale wa tumboni. Pili, povu lipigwe marufuku nchi nzima, sabuni za kufulia zikiwemo. Tatu, uje mwenyewe umwombe kaka yangu radhi, kwa Kisukuma.

Wasalimie wafanyakazi wote, hasa fundi wa povu.

Ni mimi, mwenye ulimi unaopona,
Selestine Luhende.

N.B. Tangu nihamie dawa isiyo na povu, vidonda havijarudi. Wiki ijayo mshenga wa watu anakuja kumposa binti yangu Sikujua, na nasikia anajua sana kubishana. Tafadhali nitumieni haraka boksi moja la ile yenye povu jingi. Atalala kwangu, na mswaki atapigia hapa hapa.