Aina Nne za Breki za Bingwa

Bingwa alipomwona mshonaji akipangusa gari lake jeupe nje ya duka, moyo ulimruka. Huyu ndiye wa kubadilishana naye magari! Gari la Bingwa liling'aa kuliko sahani ya wageni, ila pedali ya breki ilizama hadi sakafuni bila kitu kutokea. Lilisimamishwa na breki ya mkono peke yake. Na kesho alitakiwa kumpeleka mama mkwe hospitali, mkwe ambaye hata bila ajali alimwona hafai.

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe, baada ya kungoja sana mtu wa kumpa.

"Dada, gari zuri. Tatizo breki zake za kizamani."

"Kwani ziko za aina ngapi, kaka?"

Hapo akafunguka. "Za diski, sahani ya chuma inabanwa huku na huku. Za ngoma, vipande vinatanuka kwa ndani vinaikwaruza. Ya mkono. Na ya kompyuta, tairi zisiteleze. Langu lina zote nne."

"Makubwa! Mie najua kukanyaga tu."

Bingwa akamwonea huruma, ile huruma ya paka kwa dagaa, akamwomba wabadilishane magari. Lake alilionyesha kwenye uwanja tambarare: mguu ukikanyaga kwa mbwembwe, mkono ukivuta breki chini ya koti alilolitandaza pajani. Likasimama. La mshonaji wakalipandisha kilimani. Mshonaji akaondoa mguu kwenye mafuta, likasimama lenyewe. Akalizima likiwa kwenye gia, likatulia tuli. Bingwa hakutazama miguu ya mshonaji hata kidogo. Alikuwa bado anafundisha.

Wakapeana kadi, funguo na namba za simu hapo hapo juu.

"Panda nikushushe, dada."

"Hapana, kaka, nitashuka kwa miguu. Napenda mazoezi."

Mtu mwenye akili angejiuliza. Bingwa alipiga honi ya ushindi, akateremka. Akakanyaga: patupu. Akavuta ya mkono: ikang'oka, akabaki ameishika kama mwiko. Alimwita Mungu, akamwita mama yake, na mwisho, kwa aibu, akamwita mama mkwe, kisha akaingia mzimamzima kwenye rundo la magodoro ya mfanyabiashara mmoja aliyefanikiwa kuruka pembeni.

Alipojikagua na kukuta viungo vyote vipo, akapiga simu.

"Dada! Gari lako halina breki hata moja!"

"Pole, kaka. Ndiyo maana nikalitaka lako. Moja si haba."

"Ulijua?"

"Koti pajani, jua lote hili? Mume wangu ni fundi magari. Lile jeupe limemshinda kabisa. Hili lako anasema jioni litakuwa tayari."

Bingwa alijitazama kwenye kioo. Wa kulaumiwa alimjua vizuri, alikuwa amekaa naye kiti kimoja.

"Na mama mkwe wangu kesho, nitampelekaje?"

"Hili lako nitalikodisha, na dereva ni mimi."

Bingwa akaanza kucheka, akacheka hadi mwenye magodoro akamshika kichwa kuona kama kimepasuka.

"Basi njoo saa mbili asubuhi, dada," akasema akipangusa machozi. "Ila tafadhali, usimwambie mama mkwe kwamba gari lilikuwa langu."