Matabishi Chini ya Sahani

Jumatatu, 3 Mei 1993. Kolwezi, kwenye gare ya treni.

Siku ya kumi na mbili tunalala nje, tunangojea treni ya kutupeleka Kasai. Nimezaliwa hapa Kolwezi! Karani wa mugodi miaka kumi na tisa! Leo bantu ba hapa banasema mi, Muamba, ni mugeni kwa sababu baba alitoka Kasai, nirudi kwetu. Kwetu wapi? Sijapaona hata siku moja!

Sawa. Bageni nawajua. Bazungu ba mugodi, bakikula kwa Mama Nkulu hapa mbele ya gare, banaacha matabishi, feza ya asante, chini ya sahani, na Mama anabaongezea samaki. Mi nimekula pale miaka yote bila kuacha kitu. Mpango ndio huo! Treni itachukua siku nyingi na batoto ni batano. Matabishi kidogo, samaki mingi ya njia. Simone, muke wangu, alisema nimuombe Mama tu. Kuomba! Karani muzima!

Jumanne, 4 Mei.

Yo! Nilikula bukari na sombe, nikalipa, nikaficha noti chini ya sahani, nikatoka pole pole kama muzungu. Mama Nkulu akanifuata mpaka barabarani. Nikajua samaki imefika. Hapana! Akanitupia noti kifuani. Akauliza mbele ya bantu bote tangu lini mi ni mupita-njia kwake. Bwana yake alipokufa, nani alilala naye kwenye matanga, kama si Simone? Kukataa feza, mwaka huu wa njaa!

Alhamisi, 6 Mei.

Nimeelewa kosa. Noti ilikuwa ndogo. Nikauza saa yangu, nikaweka bunda zima. Yesu wangu! Mama alilichukua, akaniambia nisirudi tena.

Na Tshibangu! Jirani yangu wa kulala hapa gare, bahili wa mwisho. Aliingia jikoni bila hodi, akafunua sufuria, akasema njaa inamuua. Mama akacheka, akamupa samaki mbili. Bila matabishi! Dunia imepinduka.

Jumamosi, 8 Mei.

Treni! Mabehewa ya mizigo, bantu wanasukumana, batoto wanalia. Mama Nkulu alikuja mbio na beseni kichwani: bukari, sombe, samaki ya kukauka. Hakunipa mi. Alimupa Simone. Balikumbatiana mpaka treni ikaanza kutembea. Mama alimwambia hata basemeje, kwake Simone ni hapa.

Chini ya samaki tulikuta bunda langu, limefungwa kwenye jani. Halikupungua hata noti moja. Nililia, sifichi.

Jumatatu, 17 Mei. Mwene-Ditu, Kasai.

Tumefika "kwetu." Na mi nimejifunza! Matabishi ni ya bageni. Mutu wa nyumbani anaingia jikoni.

Basi nikaenda restora ya Mama Mbelu, moja kwa moja mpaka jikoni, nikafunua sufuria, nikasema njaa inaniua, mi ni mutoto wa hapa. Akanipiga mwiko mkononi! Akasema maneno mengi kwa Tshiluba, nikaelewa nusu. Nusu hiyo ilisema bageni wanangojea nje. Mugeni! Hata huku!

Simone alisema nirudi nimuombe musamaha, nimueleze tumetoka wapi na kwa nini. Kuomba tena!

Mukono umevimba. Lakini kosa nimeliona. Nilifunua sufuria ya maharagi. Kesho nitafunua ile ya nyama.