Mpangaji wa Alama Tisini na Nane

Kwa furaha kubwa, Kamati ya Familia ya Kutathmini Ustahiki wa Wapangaji inautangazia umma, wakiwemo majirani wanaochungulia juu ya ukuta, kwamba chumba cha uani kimepata mpangaji. Ni wa kwanza kufaulu tangu Kamati iundwe miaka miwili na miezi minne iliyopita. Amepata alama tisini na nane kwa mia. Mimi, nikiwa Mwenyekiti mwanzilishi, nimeona nieleze jinsi mchakato ulivyokwenda, ili watu waache kucheka.

Nilitumikia masjala miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Najua jalada ni nini. Mwalimu aliyekuwa amepanga chumba cha uani alipohama, Mama, ambaye nyumba ni yake, alisema, "Tafuteni mtu yeyote, mradi awe na salamu." Kauli kama hiyo haina vigezo. Siku hiyo hiyo nikaunda Kamati. Mwenyekiti nikawa mimi. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi, akawa Katibu. Mumewe, dereva wa lori, akawa Mjumbe, kwa sababu alikuwa amekaa pale. Mama tulimpa heshima ya Mlezi, mwenye haki ya kuhudhuria vikao vyote na kumimina chai, bila kura.

Waombaji ishirini na tatu walifeli kwa haki kabisa. Mmoja alipiga mluzi akiwa ukumbini. Mwingine viatu vyake viling'aa kupita kiasi, tukajiuliza anaficha nini. Watano walinyoosha kidole kwenye doa la maji darini na kuuliza kama chumba kinavuja. Swali hilo Kamati ilikwisha kulijibu kwa maandishi siku ilipoundwa, kuhusu malalamiko aliyoyaacha mwalimu: taarifa ya kuvuja haijathibitishwa, kwa kuwa hakuna mjumbe aliyewahi kuwamo mvua ikinyesha. Wote watano walikatwa alama kwa uchochezi.

Kisha, Jumamosi moja saa tatu asubuhi, akaja fundi cherehani.

Alikosea tangu mlangoni. Badala ya kuanza na Mwenyekiti, alimwamkia Mama kwanza. Halafu akashika pazia la sebuleni, akaligeuza, akasema, "Mama, pindo hili limefumuka. Nipe sindano nilimalize mara moja." Mama akainuka kutafuta sindano kwa kasi ambayo sijaiona kwake muda mrefu.

"Kikao hakijafunguliwa," nikasema.

"Samahani, mzee. Nina haraka kidogo. Nyumba ninayokaa inabomolewa Jumatatu. Nina vyerehani viwili na sare za shule sitini za watu, shule zinafunguliwa wiki ijayo. Nikikosa chumba leo, sijui nitavitua wapi."

"Haraka ni kigezo cha kumi na mbili," nikamjulisha. "Inapunguza alama."

Nikamkabidhi fomu. Ni fomu nzuri, kurasa tisa, nimeitunga mwenyewe. Fundi akaandika vizuri mpaka swali la thelathini na moja, linalosema: Eleza mwenendo wako kwa maneno yasiyopungua mia mbili, bila kujisifu wala kujishusha. Hapo kalamu ikagoma.

"Mzee, hebu nionyeshe fomu moja ya mtu aliyefaulu, nione anajibuje."

Shemeji akaangalia kucha zake.

"Hakuna," akasema Katibu, ambaye tangu aolewe amekuwa na mdomo. "Hajafaulu mtu, dada yangu. Labda malaika, na yeye ana mbawa, zitagusa rangi ya ukuta."

Sikupenda mzaha ule, lakini hoja ya fundi ilikuwa ya kitaalamu. Jalada lisilo na mfano ni jalada pungufu. Nikachukua fomu tupu, nikakaa mezani, nikaijaza kwa taarifa zangu mwenyewe ili watu wajifunze. Mpole. Sina watoto nyumbani. Sipokei wageni. Sipigi mluzi. Swali la thelathini na moja niliandika maneno mia nne, na ninaamini sikujisifu popote. Nilipomaliza nikasaini, na nikagonga muhuri. Mkono uliokaa masjala miaka thelathini na moja hauwezi kuona karatasi iliyojaa ukaiacha bila muhuri. Uligonga wenyewe.

Katibu akaichukua, akaitazama mbele na nyuma.

"Kaka, umegonga muhuri."

"Naam. Ni mfano."

"Kanuni ya tisa," akasema, akifungua daftari langu. "Fomu yoyote yenye muhuri ni ombi halali, na haiondolewi mpaka itathminiwe. Uliiandika mwenyewe siku yule kijana mwenye redio alipotaka kurudishiwa fomu yake."

Ni kweli niliiandika. Kanuni ikianza kuogopa watu, nchi imekwisha. Na kwa kuwa mwombaji hutoka nje anapojadiliwa, nikatoka.

Nikaketi kwenye benchi la waombaji kwa mara ya kwanza. Fundi alikuwa ameshakaa, pazia mapajani, anashona. Nikaruka.

"Benchi hili lina msumari!"

"Lina msumari, mzee. Sogea huku."

"Mbona hakuna mwombaji aliyewahi kuripoti?"

"Nani aripoti apunguziwe alama?" akasema, na kukata uzi kwa meno.

Ndani nilisikia shemeji akicheka, kisha Mama akizungumza kwa muda mrefu, jambo lisilo la kawaida kwa Mlezi. Tukaitwa.

"Mwombaji namba ishirini na tano," Katibu akasoma kwa uso mkavu, "amepata alama tisini na nane. Amefaulu."

Sitaficha, moyo wangu ulijaa. Shuleni sikuwahi kuvuka hamsini na tano. Nilisimama wima, nikauliza mbili zimekatwa kwa nini.

"Mwombaji anapenda mikutano," akasema shemeji.

Nikakata rufaa hapo hapo, nikashindwa, nikasaini matokeo kwa mkono thabiti. Ndipo Katibu akaweka ufunguo wa chumba cha uani kiganjani mwangu.

"Kanuni ya kumi na moja. Aliyefaulu ahamie ndani ya saa arobaini na nane. Na kanuni ya tatu, mpangaji hawezi kuwa mjumbe, ili kuepusha upendeleo. Asante kwa utumishi wako, kaka."

"Chumba changu cha mbele je?"

Mama akaweka birika chini. "Cha mbele hakimo kwenye kanuni zenu. Mmezisoma hapa miaka miwili, mimi nasikiliza huku namimina chai. Fundi, kuna dirisha kubwa kule, mwanga unatosha. Lete vyerehani vyako leo."

"Hajajaza swali la thelathini na moja!"

"Ana salamu," akasema Mama.

"Mama, mimi ni mwanao wa kwanza."

"Ndiyo maana nimekupa chumba, baba."

Saa kumi jioni lori la shemeji lilileta vyerehani. Lilipoondoka lilikuwa limeshahamisha kitanda changu hatua ishirini. Sare sitini zilikamilika kabla ya shule kufunguliwa. Mchana nasikia cherehani kikikimbia, na Mama akicheka kuushinda mlio wake. Hajacheka hivyo tangu Baba atutoke. Nakiri inaniuma kwamba kicheko chenyewe hakikuhitaji kamati.

Juzi mchana mvua ilinyesha. Chumba kinavuja sehemu nne, moja juu ya mto wangu. Niliandika taarifa rasmi, nikaipeleka kwa Kaimu Mwenyekiti, yaani Mama. Alikuja na beseni, akasimama chini ya doa mpaka tone likamwangukia begani.

"Wale watano walikuambia?"

"Walisema, Mama. Na mwalimu pia."

"Ukawajibu nini?"

Nikamjibu kama ilivyoandikwa, neno kwa neno. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Basi sasa yuko aliyekuwamo mvua ikinyesha," akasema, akiweka beseni juu ya kitanda. "Lakini si mjumbe. Jaza fomu, mwanangu. Kurasa zote tisa."

Nimejaza. Nasubiri majibu kwenye benchi tangu asubuhi, nimekaa upande ule ule wa msumari. Sijauripoti. Niko kwenye muda wa matazamio.