Kumtetea Babu Radi

Jumatatu, 3 Machi

Video imetoka. Nimeitazama karakanani, simu nimeiegemeza kwenye kochi la mteja ambalo nilipaswa kulibadilisha kitambaa. Kochi limesubiri. Babu Radi ndiye mpiga gitaa wa roki pekee niliyempenda tangu nikiwa na nywele. Tena mimi ndiye mwenyekiti wa mashabiki wake, niliyechaguliwa kwa kishindo katika mkutano ambao wenzangu walichelewa kufika.

Niseme ukweli, maana hapa najisomea mwenyewe. Mzee amechoka. Alipanda jukwaani taratibu mno hata bendi ikamaliza utangulizi, ikatazamana, ikaanza upya. Koti la ngozi halifungi tena tumboni. Alisahau ubeti wa pili, akarudia wa kwanza kwa kujiamini zaidi. Halafu akakaza nyuzi za gitaa mpaka mpiga ngoma akaanza kukagua dari. Lakini ulipofika ule wimbo wa polepole akafumba macho, na gitaa likasema kama mtu anayekusimulia jambo lako mwenyewe. Niliweka mkasi chini.

Maoni chini ya video ni vurugu tupu. Mmoja chozi limemtoka. Mwingine anauliza kama haya yalikuwa majaribio ya vipaza sauti. Mwingine anataka kujua kama mzee hana wajukuu wa kumshughulisha. Mwingine anaulizia koti. Mhasibu, makamu wangu, anayekinyemelea kiti changu tangu siku nilipokikalia, ameandika makala nzima inayoanza na "Kwa heshima na taadhima". Mhasibu akianza na heshima na taadhima, ujue kisu kiko mgongoni. Mwendo umeshuka, anasema. Vidole vimekuwa vizito.

Kisha binti wa Babu Radi, ambaye ndiye msimamizi wa kazi zake, akatoa tangazo. Baba anasoma maoni yote mwenyewe. Akimaliza ataamua: ama atakuja kupiga hapa kwetu, katika ule ukumbi wa zamani wa sinema, ama ataachana na jukwaa moja kwa moja. Akija, mwenyekiti wa mashabiki ndiye atakayemkaribisha.

Hotuba yangu iko tayari. Ilikuwa tayari hata kabla sijaoa.

Jumanne, 4 Machi

Mashabiki tulionao ni wanyonge. Wanasifu kwa neno moja na picha ya moto. Mzee hawezi kuamua maisha yake kwa picha ya moto.

Nimewaongeza. Nimefungua akaunti ya Mwalimu Mstaafu, mtu mwenye busara. Nimefungua ya Mama Nyuzi, mwenye hisia nyingi. Nimefungua na ya Daktari wa Mifupa, ambaye amethibitisha kitaalamu kwamba vidole vile ni vya kijana mwenye afya njema. Wote watatu wamemwaga sifa, nami kama mwenyekiti nimewashukuru hadharani kwa uungwana wao.

Jioni Mhasibu akaandika kwamba ameona ajabu: mwalimu, mama na daktari wote wanamalizia sentensi zao kwa "kwa kweli kabisa kabisa". Mke wangu akanisomea hayo kwa sauti. Akaniuliza kama namjua mtu mwingine anayesema hivyo. Nikamwambia ni msemo wa kawaida, kwa kweli kabisa kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua kosa langu. Sifa bila mpinzani hazina ladha. Panahitajika mtu mbaya, asiye na hoja, ili mashabiki wangu wamgaragaze mbele ya macho ya mzee. Kwa hiyo amezaliwa Sikio Kavu.

Sikio Kavu aliandika hivi: "Babu anapapasa gitaa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kwenye wimbo wa polepole aliipata, taa ikawaka, nikaona nyumba nzima."

Daktari wa Mifupa akamjibu vikali. Sikio Kavu akamuuliza kama yeye hutibu mifupa au huichemshia supu. Mama Nyuzi akaingilia kati, akaondoka analia. Mwalimu Mstaafu alikosa la kusema. Nilijitahidi sana kumsaidia mwalimu, lakini kila jibu zuri lililonijia lilikuwa la Sikio Kavu.

Kufikia mchana maneno ya swichi yalikuwa yamesambaa kila mahali. Mteja wangu, mwenye lile kochi, alikuja kuuliza limefikia wapi, akanisomea maneno hayo huku akicheka mpaka akakaa juu ya sponji lenye gundi. Nilicheka naye. Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama mkwe anaishi nasi tangu alipofiwa, na video ile ameitazama mara nyingi kuliko mimi. Ana baridi yabisi ya vidole. Anasema vidole vya yule mzee vimevimba kama vyake, na kila akikunja kidole kimoja yeye huku anakisikia. Mke wangu alipomsomea habari ya swichi, hakucheka.

"Huyo mtu," aliniuliza, "ana mama kweli?"

Nikasema sidhani.

Jumamosi, 8 Machi

Binti wa Babu Radi ameandika mistari miwili. Baba amesoma. Gitaa limerudishwa kwenye sanduku lake.

Basi.

Kundi zima la mashabiki limelipuka. Wote wanamtafuta Sikio Kavu. Mhasibu anasema mshenzi yule ametuulia mzee wetu, kisha akauliza mwenyekiti anachukua hatua gani. Ningefanyaje? Nilimlaani. Nilimwita mtu asiye na haya, mchafu wa roho, fedheha kwa waliomzaa. Niliandika vizuri mno, hata walionichukia wakanipongeza. Katika joto hilohilo nikawahimiza wote waishitaki akaunti yake mpaka ifungwe.

Halafu nikakaa karakanani peke yangu, juu ya fremu ya kochi isiyo na kitambaa. Nilimwona mzee akisoma neno kwa neno kwa miwani, mpaka anafika kwenye swichi. Sikupenda nilichokiona. Nikaingia kwenye akaunti ya Sikio Kavu nikaandika samahani, kwamba sikumaanisha ubaya, kwamba ule wimbo wa polepole ulinifanya niweke mkasi chini.

Majibu yakaja upesi. Huyu si Sikio Kavu, wakasema. Sikio Kavu wa kweli hawezi kuomba msamaha. Na mkasi unaingiaje hapa? Kabla sijajitetea, akaunti ikafungwa. Tumefaulu.

Mama mkwe hakugusa chakula cha mchana. Alisema hana hamu. Simu yake ilikuwa kifudifudi mezani.

Jumatatu, 10 Machi

Babu Radi amejitokeza. Video fupi. Amekaa jikoni kwake, fulana, miwani, kikombe, anasoma maoni yetu moja baada ya jingine kama mtu anayechambua mchele.

Mwalimu Mstaafu alimpita. Mama Nyuzi alimpita. Kwa Daktari wa Mifupa alisimama, akauliza huyu daktari alimpima lini, kwa kuwa daktari wake mwenyewe amemwambia mambo mengine kabisa. Kisha akafika kwa Sikio Kavu. Akasoma. Akavua miwani. Akacheka mpaka akakohoa, binti yake akaja kumpiga mgongoni.

"Huyu ndiye aliyesikiliza," alisema. "Hawa wengine walikuwa wananionea huruma au wananionea aibu. Ni kweli, natafuta swichi. Mikono haioni tena. Lakini siku ile niliipata, na yeye akajua ni wapi."

Gitaa liko kwenye sanduku kwa sababu linapelekwa kufungwa nyuzi laini zaidi. Atakuja. Atapiga ameketi, nyimbo za polepole tu, Jumamosi alasiri, ili wazee wenzake wapate usafiri wa kurudi. Na anaomba jambo moja: asikaribishwe na mwenyekiti. Wenyeviti wamemkaribisha vya kutosha. Anamtaka Sikio Kavu.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Mama mkwe alikuwa anapiga makofi, na kwa vidole vile si jambo dogo. Alisema huenda alimhukumu mtu yule haraka, inaonekana ana mama.

Nikamvuta mke wangu pembeni nikamweleza yote. Aliniuliza kama Daktari wa Mifupa naye ni mimi. Akaegemea friji akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasema jambo la maana: "Nenda kawaambie, baba watoto. Uwaambie kama ulivyoniambia mimi, usiongeze hata tone la chumvi."

Jumatano, 12 Machi

Mkutano wa mashabiki. Tunakutana saluni kwa katibu wetu, ambaye ni msusi, na wanaochelewa hukaa chini ya mashine za kukaushia nywele. Nilifika mapema. Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli, na ili ukweli upendeze nilikuwa nimeuandalia utangulizi.

Utangulizi ulikuwa mrefu kidogo. Nilikuwa bado natoa historia ya gitaa duniani Mhasibu aliposimama. Akasema kwa heshima na taadhima anaomba kukatiza, dhamiri inamsuta, hawezi kuficha tena. Sikio Kavu ni yeye.

Saluni nzima ikapiga makofi. Watu walewale waliotaka kumchuna ngozi Jumamosi! Msusi akamkumbatia. Mmoja alisema alihisi tangu mwanzo, kwa sababu Mhasibu ndiye aliyetaja vidole. Mhasibu aliinamisha kichwa kama bwana harusi.

Nikasema hapana. Nikasema Sikio Kavu ni mimi.

Walicheka kwa wema kabisa. Msusi akanikumbusha niliyoandika kumhusu Sikio Kavu, akayasoma moja moja: mchafu wa roho, fedheha kwa waliomzaa. Akaniuliza nani anaweza kujiandikia hayo. Nikasema nifungue akaunti niwaonyeshe. Wakanikumbusha kwamba akaunti ilifungwa, kwa uongozi wangu thabiti.

Nikamgeukia Mhasibu nikamuuliza, mbele ya wote, kama kweli yeye ndiye, ule mkasi ulikuwa na maana gani. Hakupepesa macho. Alisema mkasi ni ishara ya wakati unaotukata sote.

Wakapiga makofi tena. Mimi mwenyewe nilikaribia kupiga.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbi ulijaa. Viti vya ule ukumbi vimekwisha kabisa, sponji imekufa, nimemwachia mlinzi namba yangu. Nilikaa na mama mkwe safu ya katikati. Mke wangu alikuwa zamu kazini, alinisihi nitulie.

Mhasibu alimkaribisha mzee. Hotuba ilikuwa mbovu. Alitaja takwimu. Babu Radi alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akamuuliza kwa upole, mbele ya kipaza sauti, kama amemaliza.

Akaketi. Akapiga.

Sina la kukejeli hapa. Alikosea mara kadhaa, na kila alipokosea alitabasamu akarudi kuitafuta sauti hiyohiyo mpaka akaipata. Nyuma yangu kuna mtu alinong'ona kwamba zamani alikuwa moto, hii ni kama kumsikiliza babu akipekua kabati. Jirani yake akamwambia anyamaze, babu anapekua kabati lenye vitu. Wakabishana hivyo mpaka ulipoanza wimbo wa polepole, wakaacha. Mama mkwe alinishika mkono. Alikuwa anakunja vidole vyake kwa kufuata, kimoja kimoja. Marehemu mumewe alikuwa akiupiga wimbo ule kwa mluzi kila anapopiga pasi, aliniambia baadaye. Sikuwahi kulijua hilo. Nilikuwa nadhani nyumba yetu ina shabiki mmoja.

Baada ya onyesho mama mkwe alinivuta hadi nyuma ya jukwaa. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Babu Radi alikuwa ameketi, mikono ndani ya beseni la maji ya moto. Akaitoa, akamwonyesha mama. Mama akamwonyesha yake. Wakalinganisha kama watu wanaoonyeshana picha za wajukuu, wakapeana majina ya dawa za kuchua.

Halafu mama akasema, "Na huyu mkwe wangu ndiye Sikio Kavu." Kumbe mke wangu alimwambia kila kitu tangu Jumatatu.

Mzee alinitazama kuanzia viatu. Hakuwa na ubaya wowote usoni.

"Karibu sana, mwanangu," alisema. "Wewe wa saba leo."

Akamgeukia mama, wakaendelea na dawa.

Jumapili, 16 Machi

Video ya onyesho la jana imetoka. Maoni ni vurugu tupu. Nusu wanasema alipaswa kukaa kwenye kiti miaka mingi iliyopita, nusu wanasema kiti ndicho kimeua roki. Mmoja anaulizia kiti.

Mke wangu amesema sasa yamekwisha: mzee amepiga, mama ana furaha, nimeombwa viti vya ukumbi mzima, nitulie nifanye kazi. Ana haki. Nimemwambia ana haki.

Nimefungua Sikio Kavu Halisi. Jina lilikuwa limeshachukuliwa. Sikio Kavu Mwenyewe pia. Mimi sasa ni Sikio Kavu Asiye na Shaka. Kwa kuwa watu hawaamini neno la mtu mmoja, nimemfungulia na shahidi, Jirani wa Sikio Kavu, mtu mtulivu aliyeniona kwa macho yake nikiandika maneno ya swichi.

Jirani ameanza vizuri. Amesema ananifahamu miaka mingi na kwamba mimi ni msema kweli. Ila ameongeza kwamba, kwa heshima na taadhima, wazo la swichi lilikuwa lake.

Watu wanamwamini yeye.