Gari Lililokumbushwa Gia ya Tano

Idara ya Uhalisi wa Mitambo ilitangaza, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba taifa sasa linamiliki gari la kale lisilo na kasoro hata moja. Gari lenyewe lilikuwa la Mkurugenzi wa Idara: la michezo, la Kiingereza, viti viwili, halina paa, na umri wake ulilingana na wa mwenye nalo. Kasoro lilikuwa nazo. Lilivuja oili mbele na nyuma, likipanda kilima lilichemka kama birika, na taa zake ziliwaka zikijisikia. Lakini barua ilikuwa imeshatoka, na barua ya Idara haikosei. Ikabidi gari lirekebishwe lifanane na barua.

Kazi akapewa fundi mwanamke ambaye mtaa mzima, hata waliomzidi umri, ulimwita Shangazi. Alikuwa hodari, ila hakupewa kwa sababu hiyo. Leseni ya gereji yake ilikuwa mezani kwa Mkurugenzi, miezi minane sasa, ikisubiri sahihi.

"Nataka liwe halisi asilimia mia," Mkurugenzi alimwambia. "Halafu likimbie zaidi, lisichemke, lisivuje."

"Mzee, likiwa halisi litavuja. Ndivyo lilivyotoka kiwandani."

"Usiniletee siasa, Shangazi."

Wiki sita alizunguka kwa wauza vyuma chakavu, vifaa vilivyokufa vimo mkobani, vimefungwa gazetini, akivitoa kimoja kimoja kama mtu anayeuza dhahabu ya magendo. Vipuri vya asili havikuwepo, na vilivyokuwepo vilikuwa hoi kuliko vyake. Akapima, akanusa, akakwaruza kwa ukucha. Giaboksi ya gia nne iliyokuwa ikilia akaing'oa, akafunga ya gia tano kutoka pikapu ya Kijapani iliyopinduka. Dinamo ikaipisha alteneta ya teksi. Rejeta ikapata feni ya umeme. Sili ya pampu ya maji aliikuta kwenye mashine ya kumwagilia mboga. Pampu na sili zikakubaliana kama pete na kidole.

Siku ya kulijaribu, gari lilipanda kilima likiimba. Shangazi, asiyecheka ovyo, alicheka mpaka juu, akageuza, akapanda tena.

Taabu ilikuwa maneno. Katibu wa Idara, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni, alikuja na Fomu ya Uhalisi.

"Hapa umeandika 'nimeboresha giaboksi'. Neno hilo limepigwa marufuku. Ukiboresha, maana yake aliyetengeneza alikosea."

"Sasa niandikeje, kaka?"

Katibu akafikiri kwa dhati. "Andika 'nimelikumbusha'. Gia ya tano lilikuwa nayo moyoni, ila lilisahau."

Gari likakumbushwa gia ya tano, likakumbushwa alteneta, likakumbushwa feni. Sili ya mashine ya mboga Katibu aliiona ni suala nyeti, akaisajili chini ya "urithi".

Siku ya maonyesho akaja Waziri mwenyewe. Alilizunguka gari, akalipapasa, akaomba liwashwe. Likawaka, ila kwa kukohoa: kabureta zake mbili hazikuvuta hewa sawa, maana asubuhi ile Mkurugenzi alikuwa amegusagusa skrubu "aone tu".

"Nani kalitengeneza?" Waziri akauliza.

Shangazi akafungua mdomo. Mkurugenzi akamwahi. "Mimi, Mheshimiwa. Kwa mikono yangu hii. Huyu mama ananishikia tochi."

Shangazi akazitazama kucha zake nyeusi, akaikumbuka leseni, akameza maneno yake mazima mazima.

"Basi litulize," Waziri akasema. "Linakohoa."

Kabureta husawazishwa kwa sikio: ncha moja ya kipande cha mpira wa maji unaiweka kwenye kabureta, ya pili sikioni, unasikiliza mvumo. Shangazi akamkabidhi Mkurugenzi mpira huo kwa heshima zote. Mkurugenzi akaugeuzageuza, kisha akauweka mdomoni.

"Haloo?" akaiambia injini.

Injini ikakohoa. Shangazi angeweza kuvumilia kudhulumiwa, lakini si kusikia injini ikiteseka. Akainama na bisibisi nyuma ya mgongo wa Mkurugenzi, Waziri asimwone, akazungusha skrubu robo tu. Mlio ukatulia, laini kama paka aliyeshiba.

Waziri akapigwa na butwaa. "Kasema haloo, ikatii! Mtu wa namna hii mnamfungia ofisini, na mimi nina malori arobaini na moja yamekufa boharini?"

Uteuzi ukatangazwa palepale. Mkurugenzi akawa Fundi Mkuu wa bohari kuanzia Jumatatu, bila msaidizi, kwani msaidizi angemchelewesha bure. Alipokataa, Waziri aliuita huo unyenyekevu, akaagiza upigiwe makofi. Ukurugenzi ukakaimiwa na Katibu, ambaye aliisaini leseni kabla ya chakula cha mchana. Alisema ameitafuta sababu ya kutoisaini, hakuiona kwenye faili.

Jumatatu asubuhi Fundi Mkuu alisimama mlangoni kwa Shangazi, suti yake imenyooshwa vizuri.

"Shikamoo, Shangazi," alisema, ingawa walikuwa rika moja.

"Marahaba."

"Lori la kwanza... naanzia wapi?"

Shangazi akajifuta mikono taratibu, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, akaishia shingoni.

"Vua tai kwanza, baba," akamwambia. "Feni ya lori haijui cheo."