Karata ya Kumi na Tano

Leo nimeadhirika. Mbele ya mama mkwe, saa nne asubuhi, jua linawaka. Nawasimulia mwenyewe kabla jirani yangu muuza mkaa hajawasimulia kwa namna yake.

Wengi wenu mnajua mimi ni mchonga vinyago, kibanda changu kipo Temeke. Msichojua ni kwamba mke wangu, Mama Halima, aliondoka nyumbani wiki tatu zilizopita, yuko kwao Chanika na mtoto. Sababu ni mdomo wangu. Mama yake alikuja kutusaidia uzazi, akasema atakaa wiki mbili, akakaa miezi minne. Siku moja nikauliza, kwa sauti niliyodhani ni ndogo, "Hivi mama anaondoka lini?" Kesho yake wakaondoka wote watatu. (Chumba kimekuwa kikubwa. Sikujua ukubwa wa chumba unaweza kumuuma mtu.)

Nimeomba msamaha kwa simu mpaka nimezoeleka. Juzi mama mkwe akakubali: atakuja na binti yake kibandani, anitazame usoni, ndipo aamue kama mke wangu anarudi au harudi. Watafika baada ya adhuhuri, alisema.

Sasa kuhusu karata. Kuna dada mmoja wa Sinza anawasomea watu mambo yao kwa karata za tarot. Alinipa kazi ya kuchonga karata zake kuu ishirini na mbili, kila moja kinyago kidogo cha mpingo. Aliniachia karata zenyewe, na maana zake akawa ananitumia kwa sauti kwenye simu. Jamani! Mimi nilidhani ni picha za kuchezea. Nikajikuta nimeshika patasi na sichongi, nasikiliza tu. Kuna mtu ananing'inia kwa mguu mmoja, kichwa chini, lakini uso umetulia na kichwa kimezungukwa na mwanga, kwa sababu anaona mambo ambayo sisi tuliosimama hatuyaoni. Kuna Mauti juu ya farasi mweupe. Ile niliogopa hata kuigusa. Kumbe nyuma yake kabisa, mbali, padogo, jua linachomoza! Nimechonga miaka kumi na tisa na sijawahi kuwaza kuweka jua dogo nyuma ya kitu cha kutisha. Nilijiona mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Tatizo langu ni moja: sijui kuchonga uso usio na mwenyewe. Lazima uwe wa mtu ninayemjua. Yule Juha anayetembea huku anaangalia mawingu, mguu mmoja ukingoni mwa korongo, nikampa uso wangu (wa nani mwingine?). Yule mwanamke anayefumba kinywa cha simba kwa mikono mitupu, taratibu, bila hasira, nikampa uso wa mke wangu. Na karata ya kumi na tano, ambayo ni Shetani, niliichonga siku ileile walipoondoka. Mmeshaelewa. Nyusi za mama mkwe, pua ya mama mkwe, ule mwanya wa meno, na pembe mbili ndefu zilizopinda kwa mbele. Miguuni pake mume na mke wamefungwa minyororo ya waya shingoni. (Uchi, kama karata ilivyo. Mimi na Mama Halima.)

Nilipanga kukificha kinyago hicho kabla ya adhuhuri. Saa nne nageuka, bajaji imesimama, mama mkwe anashuka, mke wangu nyuma yake.

Nilikuwa na sekunde tatu. Nikakilaza kile kinyago juu ya kigoda changu, nikakifunika na kitambaa cha kung'arishia.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba baba. Mbona unahema?"

"Kazi, mama."

"Basi kaa," akasema, naye akakaa kwenye benchi na binti yake.

Mkwe akisema kaa, unakaa. Nikakaa. Nusu. Pembe zikanipokea.

"Hiyo ndiyo ramli ya yule dada?" akauliza, anatazama karata mezani.

"Ni picha tu, mama. Zina mafundisho."

Akataka afundishwe. Moja baada ya nyingine, anashika karata, anatafuta kinyago chake, anauliza. "Huyu umemweka kichwa chini." Ndivyo alivyo, mama. "Maskini, si atapata kizunguzungu?" Akafika kwa Juha. "Huyu ni wewe." Ndiyo, mama. "Umepatia." Mke wangu akacheka, amejiziba na kanga. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile wiki tatu. Kisha yeye akamshika yule wa simba, akamgeuza kwenye mwanga.

"Baba Halima, hivi ndivyo unavyonionaga?"

"Kila siku."

Akaacha kuangalia barabarani. Jamani, nilikuwa nashinda!

"Karata ishirini na mbili," akasema mama mkwe. "Vinyago ishirini na moja." (Huyu mama ameuza mayai maisha yake yote. Anahesabu hata akipumzika.)

"Kimoja bado sijachonga, mama."

"Kipi?" Akainua karata. "Shetani?"

Hapo nikajitikisa kidogo. Chrrrr!

"Nini hicho?"

"Hakuna, mama."

"Simama."

"Niko sawa hapahapa, mama."

"Baba Halima. Simama."

Nikasimama. Kinyago nacho kikasimama na mimi. Pembe zilikuwa zimenasa, na suruali ilikuwa imepasuka kutoka kiunoni mpaka karibu na goti. Mbele ya mama mkwe! (Boksa ya maua. Msiniulize.) Muuza mkaa aliacha kupima mkaa. Mke wangu akavua kanga yake ya juu, akanifunga kiunoni, akamchomoa Shetani, akamtazama, akampa mama yake.

Nikaomba ardhi inimeze. Haikunimeza.

Mama mkwe akakigeuza kile kinyago polepole. "Pua hii ni ya marehemu baba yangu," akasema. Akapitisha kidole gumba juu ya jicho. "Na hili kovu. Nilianguka utotoni. Wanangu wenyewe hawalijui. Wewe umelionea wapi?"

"Nilikuwa nakutazama tu, mama. Kila siku."

"Nina pembe?"

"Hapana, mama. Siku ile moja tu."

Akawagusa wale wawili waliofungwa. Waya ukacheza shingoni. "Mbona umelegea?"

Nikamwambia kama nilivyoambiwa: ndivyo ilivyo kwenye karata. Minyororo imelegea makusudi. Waliofungwa wanaweza kuivua wakati wowote, ila hawajagundua. Nilipoyatamka mwenyewe ndipo nikayasikia. Nilikuwa nimekichonga kwa hasira, kwa mikono yangu, na sikukielewa mpaka nilipovaa kanga mbele ya mkwe wangu.

Mama mkwe akacheka mpaka machozi.

"Haya nyie wawili, jivueni minyororo," akasema. "Mwanangu, unarudi kwa mumeo leo hii."

Nilitaka kulia. Nikalia kidogo. Yeye akanyanyua kinyago kingine, cha yule Malkia aliyekaa kwenye kiti cha mito, katikati ya shamba lililoiva.

"Na mie utanichonga hivi, ukubwa wangu huuhuu. Nimekaa, sina pembe. Tena utanichonga ukiniona, sitaki cha kukumbuka."

"Mama, kinyago kikubwa hivyo kinachukua miezi."

"Najua, baba. Ndiyo maana begi langu liko kwenye bajaji."

Naandika haya nimevaa kanga, suruali iko kwa fundi, na mama mkwe amekaa mbele yangu ananiuliza kama ageuke kulia au kushoto. Atakayecheka, nitamchonga.