Msafara wa Pikipiki Kuukuu, na Mimi Mbele

Jumanne, 6 Agosti

Ukungu tangu asubuhi. Baba hajala. Hospitali walisema tumrudishe nyumbani akae na watu wake. Dada yangu Waringa alielewa maana yake, akalia. Mimi pia nilielewa, lakini nilikuwa kwenye simu na fundi.

Habari njema: pikipiki ya Baba imewaka! Imelala kwa fundi Kericho tangu Pasaka. Ni ya Kiingereza, silinda moja, imenizidi umri. Baba aliizungusha Sotik nzima akipandisha ng'ombe kwa mbegu za chupa. Nusu ya ng'ombe wa maziwa wa huku wangemwita babu.

Nilipomwambia imewaka, alifumbua macho. Anataka kitu kimoja tu. Niilete chini ya dirisha lake, aisikie mara moja, kisha yuko tayari. Nikamwahidi Ijumaa, msafara wa chama chetu cha pikipiki kuukuu utakapopita huku.

Waringa akauliza kwa nini nisiilete kwanza, ndipo niende huo msafara. Nikamweleza kwamba injini imetoka kufungwa upya na barabara yetu ni tope tupu. Nikiiharibu, nitapanda nini? Akaniangalia sana. Wanawake hawaelewi mambo ya injini.

Jumatano, 7 Agosti

Kipkelion. Pikipiki imefika kwenye pikapu. Tuko kumi mwaka huu, wote na vyuma vya kale. Kesho Kericho. Ijumaa Sotik, halafu Chebunyo, ambako tutakula mbuzi na kumchagua mwenyekiti.

Wagombea ni wawili. Mimi, na Mwalimu Gekara.

Gekara ni mwalimu mstaafu kutoka upande wa Kisii. Ana pikipiki kama ya Baba, ndugu kabisa, hata mlio ni ule ule. Tofauti ni kwamba yake haivuji oili. Aliisalimia yangu kwa kuipapasa tangi, akasema ina bahati ya kupata familia inayoitunza. Nilijua ananisimanga.

Madam Rebeccah, katibu wetu, amenipanga mbele. Kiongozi! Gekara amempa mkia. Nimelala kwa furaha.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimegundua ubaya wa kuwa mbele. Mbele hakuna mtu. Kuna ukungu na punda.

Mkiani ndiko kwenye watu. Kila pikipiki inayozima, Gekara anaikuta. Amefunga cheni ya huyu, amebadilisha kebo ya klachi ya yule. Kila aliyeharibikiwa amekuwa kura yake. Wachuma chai walisimama na vikapu vyao mgongoni kumshangilia. Mimi nilipopita walidhani nimepotea.

Utaratibu wetu ni wa madereva wa lori. Kwenye njia panda, kiongozi anakata tawi la mti na kulilaza barabarani, ncha ikielekea tunakokwenda. Wa mkia akipita analiokota. Hivyo hapotei mtu hata ukungu ukiwa mzito.

Jioni, gesti ya Kericho, Gekara akaniuliza hali ya Mzee. Nikasema hajambo. Akasema amesikia vingine, na kwamba kesho tungepita wote kumsalimia, pikipiki kumi zingurume pale nje, mzee afurahi. Wenzetu wakaitikia kwamba ni wazo la utu.

Nikakataa. Nikasema Baba hapendi kelele. Mtu anataka kuomba kura kwenye kitanda cha baba yangu! Nimekaa nikifikiri mpaka chai ikapoa. Sasa nina mpango.

Ijumaa, 9 Agosti

Mvua. Madam Rebeccah alitangulia Chebunyo na pikapu kumshughulikia mbuzi, kwa hiyo jicho la chama halikuwepo.

Kabla ya Sotik kuna njia panda ninayoijua kuliko zote. Lami inaendelea mjini. Kushoto inashuka barabara ya udongo katikati ya mashamba ya chai, inapita langoni kwetu na kuishia kwenye josho. Ikinyesha, pikipiki nzito inashuka huko vizuri, lakini kupanda ni kazi ya trekta.

Nilisimama pale, nikalaza tawi kuelekea mjini, nikawapungia wenzangu wanane wapite. Gekara alikuwa nyuma akimsaidia mtu wa maziwa aliyeanguka, ambaye hata si mwanachama. Simu ikalia. Waringa. Ikakatika, ikalia tena. Nilijua anataka kuuliza niko wapi. Sikuishika.

Sitasema sikufikiri. Niliitazama ile barabara. Nikasema moyoni, nikishuka sasa, wale wanane watafika Chebunyo bila kiongozi, na mtu asiyeonekana hachaguliwi. Baba nitamwona kesho. Kesho si mbali.

Nikaligeuza tawi. Ncha kushoto. Nikapanda pikipiki nikawafuata wenzangu, nikawapita kwenye kona, nikawa mbele tena.

Chebunyo mbuzi alikuwa tayari. Madam Rebeccah akahesabu pikipiki, akahesabu tena. Akauliza Mwalimu yuko wapi. Nikasema pengine amechoka, umri nao. Akafungua katiba ya chama, ambayo sikuwahi kuisoma. Kiongozi akipoteza mtu, hakuna uchaguzi mpaka apatikane, na kiongozi ndiye anayemtafuta.

Mbuzi akafunikwa. Wenzangu wakaninunia mimi. Gekara hakupatikana kwa simu. Waringa naye alipiga tena, nikazima yangu ili nisimalize chaji.

Jumamosi, 10 Agosti

Baba ameaga. Ilikuwa jana, mvua ikinyesha.

Nilifika asubuhi nikakuta watu uani na viti vya kanisa. Walikuwa wameshampeleka mochari. Pikipiki ya Gekara ilikuwa chini ya dirisha la Baba, matope mpaka kwenye usukani.

Waringa alinieleza akiwa amesimama, hakunikaribisha kuketi. Baba alikuwa ameanza kupumua kwa shida, ndipo yeye Waringa akanipigia. Sikushika. Halafu wakasikia mlio unashuka kutoka barabarani, ule wenyewe. Baba akageuza kichwa. Akasema, "Kinuthia amefika." Waringa akakimbia nje, akakuta si mimi.

Gekara alikuwa ameteremka kuuliza njia. Alipoelezwa, hakuizima. Aliisukuma mpaka chini ya dirisha, akaiacha ingurume taratibu, akaingia ndani na viatu vyake vya matope. Baba alimshika mkono akamwita Kinuthia. Akamuuliza kama barabara ni mbaya. Gekara akajibu kwa jina langu kwamba barabara ni nzuri, Baba. Wakakaa hivyo wakisikiliza. Baba alikwenda kabla petroli haijaisha.

Nikamfuata Gekara nyuma ya jiko, alikokuwa akipasua kuni za waombolezaji. Nikamuuliza nani alimruhusu kutumia jina langu. Akasema, "Sasa ndugu yangu, mzee anakufa anakuita mtoto wake. Ningemwambia mimi ni nani?"

Akashika shoka tena. Hakusema neno kuhusu lile tawi. Nilienda kwenye banda la ng'ombe nikalia, nililia kweli. Nilitaka nisikiwe na Baba mimi, si mtu mwingine.

Jumatatu, 12 Agosti

Mazishi ni Ijumaa. Madam Rebeccah alikuja na wanachama wote. Wameamua pikipiki zitasindikiza jeneza kutoka mochari, na Waringa ameomba Gekara atangulie. Hakuna aliyeniuliza mimi, mtoto wa kiume wa pekee.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, na nimeona haki iko wapi. Nilimwita Waringa chumbani nikamweleza. Gekara hakufika kwetu kwa wema wake. Alifuata tawi. Na tawi lile nani aliligeuza? Mimi. Nisingeligeuza, Gekara angepita zake mjini, na Baba angekufa akisikiliza mvua. Kwa hiyo aliyemletea Baba ule mlio, ukifikiri vizuri, ni mimi.

Nilidhani atanishika mkono. Badala yake akaniuliza, sauti ya chini, kama nilisimama pale njia panda yeye akipiga simu. Nikasema ndiyo, ndipo nilipopanga kila kitu. Akaniomba nitoke chumbani. Nikatoka.

Huzuni inawafanya watu wasione mchango wa mwenzao. Simlaumu. Nimeomba nafasi ya kusoma wasifu wa marehemu, na hapo nitaeleza habari ya tawi mbele ya chama kizima, tena kwa kipaza sauti. Uchaguzi bado haujafanyika.